Reli Inapoishia Majini

Treni ya Reli ya Kati ikishaiacha Uvinza na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, abiria wanavaa viatu na kufunga mizigo mapema, ingawa mwendo bado upo. Kigoma ni mwisho wa reli, wala hakuna anayehofia kupitilizwa. Stesheni yenyewe, jengo kubwa jeupe lililoachwa na Wajerumani, inamfanya mgeni aone amefika kikomo. Lakini ukitoka nje na kutazama upande wa maji utaona vyuma viwili vya reli vikiendelea, vikapinda kidogo, vikapita getini na kuingia bandarini. Vinakoma kwenye gati, hatua chache kutoka ubavuni mwa meli. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda.

Wageni wengi huja Kigoma kwa ajili ya Liemba, meli kongwe iliyoandikiwa vitabu na kupigwa filamu. Nami niliipanda, katika miaka ile ambayo ilikuwa bado inafanya safari zake kabla ya kuegeshwa kusubiri matengenezo makubwa. Ila kilichonivuta zaidi ni gati. Nimekulia Tanga, ambako kwa miaka mingi meli zilisimama katikati ya ghuba na mkonge ukapelekewa huko huko kwa matishari. Tangu utotoni nilijua kwamba kati ya meli na nchi kavu pana safari nyingine, fupi na ghali kuliko zote. Pwani ya bahari safari hiyo wameipunguza kwa saruji na kreni. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina kinachopita mita 1,400, lina vijiji vingi na magati machache mno, na nilitaka kuona watu wanaishije na pengo hilo.

Nilianzia Ujiji, kwa sababu habari ya gati la Kigoma inaanza mahali pasipo na gati. Ni kilomita chache tu kwa daladala, na ghafla uko katika mji wa baraza, miembe na michikichi, mji wa Kiswahili uliojengwa mbali kabisa na bahari. Huku ndiko ilikokuwa ikiishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Richard Burton na John Hanning Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley akamkuta David Livingstone hapa, na mnara wa kumbukumbu umesimama ndani ya uzio. Masimulizi yanasema wakati huo maji hayakuwa mbali. Leo ukiwa pale huoni ziwa. Inabidi uteremke kwa miguu, upite nyumba na bustani za mboga, ndipo uufikie mchanga.

Ziwa ndilo lililohama. Maji yote ya Tanganyika yana mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na matete, na ziwa likawa linajaa tu. Karibu na mwaka 1878 maji yakaibomoa ile ziba, yakaanza kumiminika kuelekea mto Kongo, na katika miongo miwili hivi uso wa ziwa ukashuka karibu mita kumi. Karema, kusini zaidi, Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme wao Leopold walijenga boma lao mwaka 1879 wakitaka liwe karibu na maji. Kabla hawajatulia vizuri maji yalikuwa yamewakimbia, na boma likabaki linatazama uwanda wa matope. Kila mhandisi anayetaka kujenga kitu cha kudumu kwenye ufuko wa ziwa hili angefaa apelekwe Karema kwanza.

Ujiji haikupata hasara ya namna hiyo, kwa sababu haikuwa na gati la kuachwa juu. Vyombo vyake vilikuwa mitumbwi mikubwa ya gogo moja, iliyochongwa kwa miti ya milima ya ng'ambo, na mtumbwi unafuata maji popote yaendapo. Unavutwa mchangani, unapakuliwa, unasukumwa. Soko lilikuwa hapo hapo ufukweni: chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu, nafaka, pembe za ndovu, na ushanga uitwao sofi ukitumika kama fedha. Na watu pia. Waliovushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, wakiwa wamefungwa waliteremshwa mchangani huo huo kabla ya kuanza kutembea kwenda pwani. Nilisimama pale nikitazama vijana wanatengeneza nyavu, na nikaona ni haki jambo hilo litajwe mahali hapa kwa sauti ile ile inayotumika kutaja salamu maarufu ya Stanley kwa Livingstone.

Reli ilipokaribia, Ujiji ikashindwa. Meli ya chuma ina tumbo. Inataka kina karibu na nchi kavu, na inataka kinga ya mawimbi. Ufuko wa Ujiji ni mpana, wa mchanga, na uko wazi. Ghuba ya Kigoma imekumbatiwa na vilima na maji yake ni ya kina. Wajerumani wakapeleka reli Kigoma, ikafika mwaka 1914, na biashara yote ikaifuata. Mji uliokuwa ukijulikana Zanzibar hadi Ulaya ukawa jirani wa kijiji kilichogeuka bandari. Hakuna vita iliyofanya hivyo, wala njaa. Ni kipimo cha kina cha maji tu.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1915, reli ya Wabelgiji nayo ikafika ziwani upande wa pili, pale Albertville, Kalemie ya leo. Reli mbili zikawa zinatazamana kuvuka maji, moja ikitoka Bahari ya Hindi na nyingine ikipokea vyombo vya mto Kongo, na kati yao zaidi ya kilomita mia moja za ziwa. Gati la Kigoma na gati la Kalemie ndiyo mafundo mawili ya kamba iliyotaka kuifunga Afrika toka upande hadi upande. Wenye kamba hiyo walikuwa tayari wako vitani.

Meli yenyewe, Liemba, ilikuja kwa treni. Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika makasha 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili walitumwa kuja kuiunga upya, wakisaidiwa na vibarua wengi ambao masimulizi ya meli hayawataji kwa majina. Ilishushwa majini Februari 1915, ikaitwa Graf von Goetzen, ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyozama katika delta ya Rufiji. Julai 1916, walipoona hawawezi tena kuilinda Kigoma, Wajerumani walizipaka mashine zake grisi nzito na kuizamisha kwa mikono yao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Habari hiyo huishia kwenye meli. Mimi nilipoisikia niliwaza makasha elfu tano yakiteremshwa moja moja kutoka kwenye behewa, na mtu chini yake.

Vita ilipokwisha, gati likawa na wenyewe wawili. Waingereza walichukua Tanganyika. Wabelgiji walikuwa na Kongo na Ruanda-Urundi, nchi zisizo na mlango wa bahari upande wa mashariki. Mwaka 1921 mkataba ulitiwa saini: Ubelgiji ipewe eneo la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Mzigo wa Usumbura, Bujumbura ya leo, au wa Albertville uliteremshwa Dar katika eneo la Wabelgiji, ukavuka nchi nzima kwa reli, ukapakiwa Kigoma katika eneo la Wabelgiji. Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kwamba mkoloni anaweza kuigawa ardhi ya nchi isiyo yake hadi siku ya mwisho, na naamini ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mahitaji yaliyozaa mkataba yapo hadi leo. Burundi bado inahitaji gati la Kigoma, na mashariki ya Kongo vilevile. Nilipokuwa bandarini niliona magunia ya chakula cha msaada yamepangwa kwenye ghala yakisubiri kuvuka, na meli ya mafuta Sangara ikiwa imefunga kwa safari kama hizo hizo.

Ili mtu asidhani magati ya kina ni jambo la kale kwetu, akumbuke kwamba Dar es Salaam yenyewe haikuwa na gati la meli kubwa hadi mwaka 1956. Kilindini kule Mombasa walikuwa wametangulia kwa miaka thelathini, mwaka 1926. Kabla ya hapo, meli zilizofika Dar zilitia nanga ndani ya bandari, na kila gunia, kila mashine, kila roli ya nguo ilishuka kwenye tishari, ikavutwa hadi ukingoni, ikapandishwa kwa migongo. Kazi ilikuwa ya kutwa; meli isipokuja, hakuna posho. Makuli hao walijifunza mapema kwamba mji mzima unapita mikononi mwao. Mwaka 1947 walipogoma, mgomo ulitoka bandarini ukasambaa katika miji ya Reli ya Kati, ukawa mkubwa kuliko wowote uliokuwa umeonekana Tanganyika. Mombasa nako, mwaka huo huo, mgomo mkuu ulianza Januari, nao makuli wa bandari wakiwa katikati yake. Vyama vya wafanyakazi vya nchi zetu vilizaliwa kwa sehemu kubwa kwenye ukingo huo wa mawe, na sielewi kwa nini hakuna mnara hata mmoja wa kuli mwenye gunia katika bandari zote nilizopita.

Kigoma nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi tangu ujana wake, sasa hana nguvu za kubeba lakini haachi kuja bandarini. Alikuwa ameketi kivulini mwa ghala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unasubiri meli au unasubiri mzigo?"

Nilimwambia nasubiri kuelewa kazi. Akanitazama, akanisogezea kipande cha mbao nikae. Kazi, alisema, ni kupanga. Mtu wa nje anaona watu wanakimbia na magunia akadhani ni nguvu. Mahindi na saruji zinakwenda chini kabisa, ngamani, kwa sababu ndizo zinazoituliza meli. Mawese yasiwekwe juu ya kitu cha kuliwa. Dumu moja likivuja, gunia zima la unga limeharibika na mwenye mali atakulilia wewe. Mzigo wa kituo cha kwanza uwe wa mwisho kuingia. Ukikosea hapo, usiku katikati ya ziwa watu watafukua ngama nzima wakitafuta kitanda cha mtu. Nikamwuliza ni wakati gani aliogopa. Nilidhani atataja mizigo mizito.

"Mvua," akasema. "Ubao wa kupandia ukilowa, gunia halina huruma. Linakusukuma liendako."

Alinionyesha bega la kulia, lililoshuka kuliko la kushoto. Kisha akaanza kunieleza jinsi winchi ya meli inavyoinua mzigo katika wavu wa kamba, na jinsi mtu wa chini anavyotakiwa asiondoe jicho kwenye mkono wa anayetoa ishara, kwa sababu sauti hazisikiki. Alizungumza kwa dakika nyingi juu ya ishara hizo za mkono, akizifanya moja moja. Mbele yetu vijana walikuwa wanapakia, na kila mara alipoona gunia limewekwa vibaya alinyamaza, akatikisa kichwa, akaendelea.

Gati la Kigoma limechakaa. Saruji imemeguka ukingoni, matairi makuukuu yaliyoning'inizwa kuzuia meli isijigonge yamekatika kamba mengine, na reli iliyo katikati ya sakafu imefunikwa na vumbi la saruji. Hata hivyo linafanya kazi, na ukilitazama kwa saa moja unaelewa limepangwa na mtu mwenye akili. Behewa, ghala na meli viko katika mstari mmoja, mzigo hauzungushwi. Karibu yake kuna chelezo, ambako vyombo huvutwa kutoka majini vikakwanguliwa na kupakwa rangi. Reli, gati, ghala, chelezo: kimoja kikiondoka, vingine vinapungua thamani. Ndiyo maana nahuzunika ninaposikia bandari ikisifiwa kwa urefu wa gati peke yake.

Kaskazini kidogo ya bandari ni Kibirizi, mwalo wa maboti ya mbao. Huko hakuna kreni wala geti. Maboti marefu yenye injini za nje yanalala ubavu kwa ubavu, pua zikiwa mchangani, na ubao mwembamba ndio daraja. Nilipofika walikuwa wanapakia mizigo ya vijiji vya kaskazini na ya Kongo: makreti ya soda, magodoro, mabati, mbuzi. Ukiuliza kwa nini mfanyabiashara apendelee Kibirizi kuliko bandari yenye gati, majibu ni mepesi. Boti linaondoka leo. Linafika kijijini kwake hasa. Nauli wanazungumza. Mama mmoja anayeuza vitenge ng'ambo aliniambia, "Mdogo wangu, meli ni ya serikali na ratiba, boti ni la mtu na riziki." Nilimwona akivua viatu, akakunja kitenge hadi magotini na kuingia majini huku mzigo wake ukitangulia kichwani mwa kijana. Alilipa mara mbili kabla hata boti halijatoka: kijana wa kichwani, na mwenye ubao.

Jumatano jioni Liemba iliondoka. Ilipiga honi, kamba zikafunguliwa kutoka kwenye vigogo vya chuma vya gati, na kwa muda watu wa juu na watu wa chini waliendelea na mazungumzo yao bila kupandisha sauti, maana meli ilikuwa inaachana na ukingo polepole. Sitasahau nilivyopanda: nilitembea. Nilikuwa na begi mkononi, nikapita ubao wenye kamba pande mbili, nikawa ndani. Bibi kizee aliyekuwa mbele yangu alifanya vivyo hivyo, akishika mkono wa mjukuu wake. Hilo ndilo jambo ambalo gati humpa mtu.

Usiku wa manane tulifika Lagosa, kijiji kilicho karibu na milima ya Mahale, na nikaona upande wa pili wa jambo. Meli ilipunguza mwendo, ikasimama katika giza, mbali na ufuko. Taa za sitaha zikawashwa. Honi ikapigwa mara moja, na kabla mwangwi haujarudi kutoka milimani, mitumbwi na maboti yalikuwa yametuzunguka. Kila moja lilitaka kuwa la kwanza kugusa mlango wa ubavuni, kwa sababu la kwanza linapakua na kurudi kuchukua wengine, na nauli ni kwa kichwa. Yaligongana. Kamba zilirushwa, zikakosa, zikarushwa tena. Mlangoni watu wa kushuka walikuwa wanasukumana na watu wa kupanda, na kati yao mabaharia wawili wakipokea kilichofika: gunia la dagaa, ndoo, baiskeli, mtoto mchanga, gunia jingine.

Yule mtoto alipita mikononi mwa watu watatu. Mama yake alikuwa bado kwenye mtumbwi, amesimama wima, chombo kinapanda na kushuka na wimbi, mikono yake iko juu wazi. Baharia mmoja alisubiri wimbi liinue mtumbwi, akamshika mama kwapani akamvuta ndani kwa mkupuo mmoja. Alipokanyaga sitaha hakusema neno, alinyoosha tu mikono ampokee mwanawe. Nyuma yake alikuja mgonjwa, mzee aliyefungwa kwenye shuka kama machela, na kwa dakika kadhaa watu wote wakaacha kelele, wakawa wanahesabu mawimbi kwa pamoja hadi alipoingia. Nimeandika safari nyingi. Sijaona mahali pengine ambapo umbali wa hatua moja ni mrefu namna hiyo.

Hali hii ilikuwa ya kawaida kwa vituo vingi vya Liemba. Katika njia yake yote ya kusini, meli ilifunga gati Kigoma, Kasanga na Mpulungu. Kwingine ilisimama majini na vijiji vikaifuata. Na sehemu za upepo mkali wa miezi ya kiangazi hata mtumbwi hauendi. Meli hupita, na aliyekuwa na nyanya za kuuza anabaki nazo.

Mwaka 2015 dunia nzima ililiona pengo hilo, ingawa sidhani ililitambua. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walifika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na milima mirefu mpakani. Kipindupindu kikaingia. Liemba ilipelekwa kuwachukua hadi Kigoma, lakini haikuweza kufika ufukweni. Watu waliingia majini, wakapandishwa kwenye maboti ya wavuvi, kisha kutoka kwenye maboti hadi melini, wagonjwa, wajawazito na vizee, safari baada ya safari. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo ilikuwa imewarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, ikitoka Kigoma kwenda Uvira. Ni sifa kubwa kwa meli ya umri ule. Lakini kila ninapoikumbuka picha ya Kagunga namwona daktari akingoja upande wa pili wa mita mia chache za maji.

Baada ya safari yangu mambo yameanza kusogea. Mamlaka ya bandari imejenga magati katika vituo kadhaa vya ziwa, na Karema, ile ile iliyokimbiwa na maji, imepata bandari mpya inayoielekea Kalemie. Nilipopita, Karema ilikuwa bado ni mchanga na mitumbwi, na kwa mbali majengo ya misheni ya Mapadri Weupe. Huko alifanya kazi Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani karibu na mto Niger, akakombolewa, akasomea tiba Malta, akafika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hadi kifo chake mwaka 1956. Namwaza mara nyingi akishuka mtumbwini na sanduku la dawa begani.

Nafurahia magati hayo mapya, na nina jambo moja la kuwaomba wanaoyajenga. Ziwa halijaacha tabia yake. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha, likazifikia bandari zake. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda tena: Kibirizi na Ujiji maji yaliingia kwenye mialo na nyumba, na ng'ambo ya pili Uvira na Kalemie ziliteseka vilevile. Gati la kimo kimoja, lililopimwa kwa maji ya mwaka mmoja, litakuwa chini ya maji mwaka fulani na juu mno mwaka mwingine, na mwenye mtumbwi atalitazama kutoka chini akiwa hana ngazi. Vyombo vingi vya ziwa hili ni vya mbao na vina ukingo mfupi. Basi gati liwe na ngazi pana za saruji zinazoshuka majini, vidato vingi, ili kila kimo cha maji kipate kidato chake. Na meli kubwa iwe na upande wake wenye kina. Wavuvi wa Kibirizi walinieleza hilo kwa dakika tano, wakichora mchangani kwa kijiti. Hawakuwa wamewahi kuulizwa.

Kasanga tulifunga gati asubuhi na mapema. Ni Bismarckburg ya Wajerumani. Magofu ya boma lao bado yapo juu ya rasi. Bandari yake inahudumia Kongo na Burundi, na barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai inaishia hapa, kwa hiyo malori yanakuja hadi ukingoni na saruji. Sikuona mtumbwi hata mmoja ukigombea ubavu wa meli. Watu walishuka wakiongea na simu.

Mpulungu, bandari pekee ya Zambia, tulifika siku hiyo hiyo. Gatini palikuwa na malori ya saruji na sukari yanayosubiri meli za Bujumbura, na upande wa pili wanunuzi wa dagaa, ambao kule huitwa kapenta, walikuwa wameshajipanga tangu alfajiri. Maofisa wa uhamiaji walipanda melini kwanza. Kisha ngazi ikafunguliwa, na akina mama waliopandishwa kwa kuvutwa kwapani usiku wa Lagosa wakashuka kwa miguu yao, khanga zimenyooka, kila mmoja akihesabu magunia yake yanavyotua kwenye saruji. Mmoja aliwakuta wanunuzi wanataka kumpangia bei kabla hata winchi haijamaliza. Akaketi juu ya gunia la kwanza, akatoa daftari, akawaambia wasubiri yatimie yote kumi na manne. Walisubiri. Gati lilikuwa pana vya kutosha, na hapakuwa na wimbi la kumharakisha.